Askari Aliyerudi Kumfuata Mwenzake
Kisa cha Henry Johnson, Mei 1918, na karatasi zilizochelewa miaka 97

Na Mwanafunzi wa Zamani, Mtumishi wa Serikali

Kamati ya maandalizi ya sherehe yetu iliponiomba niandike makala ya historia kwa ajili ya jarida hili, jambo la kwanza lililonijia akilini ni hesabu ya jioni. Wenzangu wa miaka ile mtakumbuka. Kila jioni, kabla ya maandalio, tulipanga mistari mbele ya mabweni, na kiranja wa zamu aliita majina. Mwalimu wetu wa Historia alipokuwa wa zamu, tulikuwa na taabu. Walimu wengine walipokea hesabu ya jumla tu: wako wangapi, wamekosekana wangapi, basi, nendeni mkasome. Yeye alikataa. Jina lilipoitwa na mtu asiitikie, sote tulisimama pale pale, mvua au baridi, mpaka ajulikane yuko wapi: zahanati, jikoni, au nyuma ya uzio akinunua maandazi. Alikuwa na neno lake moja: "Hesabu haifungwi mpaka aliyekosekana apatikane."

Siku zile tulinung'unika sana. Leo nina zaidi ya miaka arobaini, nimemaliza Chuo Kikuu, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa ya majalada ya Serikali. Ndipo nimemwelewa mwalimu. Nimechagua kuwasimulia kisa cha askari mmoja wa Vita Kuu ya Kwanza, kwa sababu kisa chake ni hesabu ya jioni iliyochukua miaka 97 kufungwa.

HAMALI WA STESHENI

Askari huyo ni Henry Johnson, Mmarekani mweusi. Alizaliwa katika jimbo la North Carolina, kusini mwa Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, na akiwa bado kijana alihamia kaskazini, mji wa Albany, jimbo la New York. Huko alifanya vibarua vya namna nyingi, na mwisho akawa hamali katika stesheni ya reli, akibeba mizigo ya wasafiri. Hakuwa pandikizi la mtu. Kimo chake kilikuwa kama sentimita 163, na uzito wake kilo 59 hivi. Wako wanafunzi wa Kidato cha Pili katika shule yetu wanaomzidi.

Marekani iliingia vitani mwezi wa Aprili 1917. Mwezi wa Juni mwaka huo huo Johnson alijiandikisha katika rejimenti ya 15 ya New York, ambayo baadaye iliitwa rejimenti ya 369. Askari wake walikuwa weusi, wengi wao watu wa mtaa wa Harlem katika jiji la New York, na maofisa wake walikuwa weupe isipokuwa wachache sana. Rejimenti ilifika Ufaransa katika majira ya baridi ya 1917–1918. Je, walipelekwa kupigana? La. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kupakua meli bandarini, kujenga reli na kubeba mizigo. Mtu aliyeacha kubeba mizigo Albany ili awe askari, alivuka bahari kwenda kubeba mizigo Ufaransa.

Sababu yake haikuwa siri. Jeshi la Marekani wakati ule lilitenganisha watu kwa rangi, na wakubwa wengi hawakutaka askari mweusi apigane bega kwa bega na mweupe. Wafaransa, kwa upande wao, walikuwa wamepoteza watu wengi mno katika miaka mitatu na nusu ya vita, na walihitaji kila mwenye nguvu ya kushika bunduki. Basi Jenerali John Pershing, mkuu wa majeshi ya Marekani huko Ulaya, akaiweka rejimenti hiyo chini ya jeshi la Ufaransa. Wakapewa bunduki za Kifaransa, kofia za chuma za Kifaransa na posho ya Kifaransa. Kwa hiyo walikuwa Wamarekani waliokwenda kupigana chini ya bendera ya wengine, kwa kuwa wenyewe nyumbani hawakuwataka katika safu yao. Tuliweke hili moyoni, maana litatufaa mbele.

USIKU WA TAREHE 15 MEI

Katikati ya Mei 1918 rejimenti ilikuwa imeshika sehemu ya mstari wa mbele, ukingoni mwa msitu wa Argonne. Usiku wa kuamkia tarehe 15, Johnson aliwekwa lindo katika kituo cha mbele kabisa pamoja na kijana aitwaye Needham Roberts, mwenyeji wa mji wa Trenton, jimbo la New Jersey. Roberts alikuwa na miaka 17 tu, yaani umri wa wengi wenu mliomo madarasani sasa.

Usiku wa manane ulipopita walisikia mlio mdogo gizani: kata, kata, kata. Ilikuwa mikasi ikikata seng'enge. Wajerumani walikuwa wanakuja kuvamia lindo ili wapate mateka wa kuhojiwa. Idadi yao hutajwa kwa namna mbalimbali, lakini hawakupungua 12, na wako wanaosema walifika 24. Johnson alipanga mabomu yake ya mkono karibu naye, na akamwambia Roberts akimbie nyuma kuwaarifu wenzao. Roberts alianza kwenda. Hakufika mbali. Mapigano yalipoanza aliona hawezi kumwacha mwenzake peke yake na kundi lile, akarudi.

Nawaomba msome tena sentensi hiyo ya mwisho. Tumezoea kusimulia kwamba Johnson alimwokoa Roberts, na ni kweli. Lakini Roberts ndiye aliyetangulia kurudi kwa ajili ya Johnson.

Alivyorudi tu, bomu lilimjeruhi vibaya mkono na nyonga, asiweze tena kusimama. Akiwa amelala chini ndani ya handaki, hakukaa akilia. Alichukua mabomu moja moja akampa Johnson, na Johnson akayarusha, mpaka yakaisha. Johnson akashika bunduki. Akapiga risasi zilizokuwamo, kisha kwa haraka na giza akasukumia humo risasi za Kimarekani katika bunduki ile ya Kifaransa, nayo ikakwama. Basi akaigeuza, akaishika kwa mtutu, akapigana kwa kitako mpaka kitako kikapasuka vipande. Mwishowe akapigwa kichwani, akaanguka.

Hapo ndipo penyewe. Akiwa chini, damu inamtoka, aliona Wajerumani wamemkamata Roberts wanamburuta kumpeleka kwao. Johnson wakati huo hakuwa na bomu wala bunduki, na alikwisha jeruhiwa zaidi ya mara moja. Hakuna mkubwa wa jeshi ambaye angemlaumu kama angelala pale akingoja msaada. Alichobaki nacho ni panga fupi zito ambalo askari wale walipewa. Akaliondoa alani, akainuka, akawarukia waliomshika mwenzake. Alipigana nao ana kwa ana, akichomwa na kupigwa risasi, mpaka wakamwachia Roberts na kuanza kurudi nyuma, wakiburuta majeruhi wao. Msaada ulipofika, Johnson alizimia.

Kulipopambazuka waliona damu nyingi njiani walikopita wale wavamizi, na Wajerumani wanne walihesabiwa kuwa wameuawa. Johnson alikuwa na majeraha 21. Mguu wake wa kushoto uliharibika vibaya, mifupa yake ikavunjika, na ukabidi kutiwa chuma. Roberts hakuchukuliwa mateka, na aliishi.

SUNGURA

Wafaransa hawakuchelewa. Waliwapa wote wawili nishani yao ya vita, iitwayo Croix de Guerre, na wawili hao wakawa askari wa kawaida wa kwanza wa Marekani kuipata katika vita ile. Ya Johnson iliongezewa alama ya jani la mtende la dhahabu, ambayo ni heshima ya juu zaidi. Baadaye rejimenti nzima ilitunukiwa. Askari hao, ambao walionekana hawafai kupigana, walikaa mstari wa mbele siku 191, muda mrefu kuliko rejimenti yoyote ya Kimarekani.

Waandishi wa magazeti walipomwuliza Johnson juu ya usiku ule, inasimuliwa kuwa aliwajibu kwamba hakuona ajabu yoyote, kwa sababu alikuwa akipigania uhai wake tu, na hata sungura angefanya hivyo.

Mimi, kwa heshima zote, nampinga marehemu. Sisi tumelelewa na hadithi za sungura, tunamjua vizuri. Sungura ana akili, ana mbio, na akibanwa atauma. Lakini katika hadithi zote nilizosimuliwa na bibi yangu, sijapata kusikia kwamba sungura, baada ya kupona mtegoni, alirudi kumfuata sungura mwenzake. Sungura hupigania nafsi yake. Yale mabomu, risasi na kitako cha bunduki, hayo naweza kukubali kuwa ni mapigano ya mtu anayetetea uhai wake. Ila dakika ile ya kuinuka na panga haikuwa ya kujitetea, maana adui alikwisha kumpa mgongo. Angeweza kulala kimya akapona. Ushujaa wake haukuwa katika idadi ya aliowaua, ijapokuwa magazeti ya siku zile yalishangilia hiyo zaidi. Ulikuwa katika kukataa kumwacha mtu aende gizani.

Vijana mnaosoma sasa, mkiulizwa katika mtihani maana ya ushujaa, msiandike kwamba ni kutoogopa. Sina shaka Johnson aliogopa. Andikeni kwamba ni kuhesabu watu wako na kukuta mmoja hayupo, kisha usikubali.

KARATASI ISIYOSEMA

Tarehe 17 Februari 1919 rejimenti iliandamana katika barabara ya Fifth Avenue, New York, na Johnson, sasa akiwa sajini, alipandishwa katika gari la wazi huku amebeba maua, umati ukimwita kwa jina. Jeshi lilitumia picha yake katika matangazo ya kuandikisha askari na kuuza stempu za kuchangia vita.

Pamoja na yote hayo, karatasi zake za kuachishwa jeshi hazikutaja majeraha yake. Mtu mwenye majeraha 21 na chuma mguuni alirudi uraiani na hati isiyosema kuwa aliumia. Serikali yake haikumpa nishani hata moja. Alizunguka kwa muda akihutubia watu, lakini mwaka ule ule wa 1919, mjini St. Louis, alisema hadharani jinsi askari weusi walivyotendewa na wenzao weupe, na tangu hapo mialiko ikakauka. Kazi ya stesheni ilihitaji miguu miwili mizima. Ndoa ikavunjika. Alifariki mwaka 1929 mjini Washington, hajafika miaka arobaini.

Hapa niwe mkweli kama mwalimu wetu alivyotufundisha. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba alikufa fukara asiyejulikana, akazikwa katika kaburi la maskini huko Albany, na hata jamaa waliamini hivyo. Wachunguzi walipofungua majalada mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuta kaburi lake katika makaburi ya taifa ya Arlington, mahali pa heshima. Walikuta pia kwamba mwaka 1927 alitambuliwa kuwa mlemavu wa kudumu kwa sababu ya kifua kikuu. Kwa hiyo serikali haikumtupa kabisa. Ilimjua kama mgonjwa wa kifua, ikamzika kama askari, lakini haikumwandika popote kama mtu aliyejeruhiwa akimwokoa mwenzake. Habari zake zilikuwa katika majalada mbalimbali, na hakuna mtu aliyeyaweka majalada hayo pamoja juu ya meza moja.

Walioanza kuyakusanya walikuwa watu wa Albany, wengi wao askari wastaafu ambao hawakuwa hata jamaa zake. Waliandika barua miaka nenda, miaka rudi. Mwaka 1996 Johnson alitunukiwa nishani ya majeruhi iitwayo Purple Heart. Mwaka 2002 akapewa nishani ya pili kwa ukubwa ya jeshi la Marekani. Lakini ile kubwa kupita zote, Medal of Honor, ilikataliwa, kwa hoja ambayo mimi kama karani naielewa: ushahidi ulioandikwa wakati wa tukio lenyewe haukutosha. Sheria nayo iliweka ukomo wa miaka michache baada ya tendo.

Ndipo watumishi katika ofisi ya Seneta Charles Schumer wa New York, wakipekua kumbukumbu, walipoona taarifa ya Jenerali Pershing mwenyewe ya Mei 1918, iliyoandikwa siku chache baada ya mapigano, ikiwasifu Johnson na Roberts. Karatasi hiyo ilikuwako muda wote. Maombi mapya, yenye kurasa zinazokaribia 1,300, yakapelekwa. Bunge lao likaondoa ule ukomo wa miaka. Tarehe 2 Juni 2015 Rais Barack Obama akaitoa nishani hiyo kwa Henry Johnson. Kwa kuwa hapakuwa na ndugu wa damu wa kuipokea, aliipokea sajini meja wa jeshi la akiba la New York, jeshi ambalo Johnson alijiandikisha mwaka 1917. Miaka 97 ilikwisha pita.

Na msidhani jina likishaandikwa basi limetulia milele. Mwaka 2023 kambi kubwa ya jeshi katika jimbo la Louisiana, iliyokuwa ikiitwa Fort Polk, ilipewa jina la Johnson. Mwaka 2025 ikarudishiwa jina la Polk, ikielezwa safari hii kuwa ni Polk mwingine. Kazi ya kukumbuka ni kama kazi ya kupalilia shamba: haiishi kwa msimu mmoja.

MZEE WA DIRISHANI

Labda mtauliza kwa nini mtumishi wa Serikali hangaike na habari za Albany na Louisiana. Sababu yake ni ya aibu kidogo, nami nitaieleza.

Nilipoanza kazi, katika ofisi moja nisiyoitaja, dirishani kwangu alikuja mzee mstaafu. Alitembea kwa fimbo, mguu mmoja ameuburuta. Aliumia kazini zamani, na alikuwa akidai haki yake. Nilifungua jalada lake. Majina yamo, tarehe za kuajiriwa zimo, mshahara umo. Habari za mguu hamna. Nikamwambia, "Mzee, hapa haikuandikwa kuwa uliumia." Akautazama mguu wake, akanitazama mimi, akasema, "Mwanangu, basi na huu uandike wewe." Nami, kijana mwenye shahada, nilimjibu kwa ile sentensi ambayo sisi watumishi tunaijua mno: "Njoo wiki ijayo."

Alikuja wiki iliyofuata, na iliyofuata, na mwezi uliofuata. Sikumdharau. Nilikuwa na majalada mengi, naye alikuwa mmoja. Aliyemsaidia si mimi, bali karani mzee wa masijala, mtu wa darasa la saba, aliyekaribia kustaafu mwenyewe. Alimwona pale benchini mara ya nne akaniuliza ana shida gani. Nilipomweleza, alisema tu, "Huyu jina lake linaandikwa kwa R au kwa L?" Akaingia ndani. Baada ya siku mbili alitoka na jalada jembamba lenye vumbi, jina la mzee yule yule likiwa limeandikwa kwa herufi nyingine, na ndani yake taarifa ya hospitali kuhusu mguu.

Mzee alipoitwa hakuuliza kwanza atapata shilingi ngapi. Aliomba asomewe ile karatasi. Nikamsomea. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Kisha akasema, "Kumbe waliandika." Siku ile nilitamani ardhi inifunike, kwa sababu karatasi ilikuwa mita kumi kutoka mezani kwangu miezi yote ile.

Ndiyo maana niliposoma habari ya ile taarifa ya Pershing sikuishangaa. Nilimkumbuka karani wetu.

WAPAGAZI WETU

Tena kuna sababu ya pili, nayo ni kubwa zaidi. Usiku ule Johnson alipokuwa akipigana Argonne, vita hiyo hiyo ilikuwa ikiendelea katika nchi zetu. Ilianza hapa Afrika Mashariki mwaka 1914, na jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck lilisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Katika nchi isiyo na barabara, yenye mbung'o wanaoua farasi na nyumbu, mizigo yote ilibebwa kichwani. Chakula, risasi, hema, hata vipande vya mizinga. Na majeruhi vile vile. Kila askari aliyeanguka porini, mweusi kwa mweupe, alitolewa kwa machela juu ya mabega ya wapagazi, mwendo wa siku nyingi.

Basi kumwokoa mwenzako aliyejeruhiwa, jambo ambalo Ufaransa lilimpatia mtu nishani, hapa kwetu lilikuwa kibarua cha kila siku. Wapagazi hao hawakuwa na bunduki, wengi walichukuliwa kwa nguvu, na waliuawa zaidi na kuhara, malaria, homa ya mapafu na njaa kuliko risasi. Upande wa Waingereza peke yake inakadiriwa walikufa wapatao 95,000. Jina la Kariakoo tunalolitaja kila siku tukienda sokoni Dar es Salaam, kama Kariokor ya Nairobi, linatokana na jina la Kiingereza la jeshi hilo la wachukuzi.

Ile Sanamu ya Askari katikati ya Dar es Salaam, iliyowekwa mwaka 1927, inawakumbuka wote kwa jumla. Jina la mtu hata mmoja hakuna. Mwezi wa Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi Bungeni. Radhi ni jambo jema, lakini radhi kwa watu 350,000 bila majina ni sawa na kupokea hesabu ya jumla: wamekosekana wengi, basi, nendeni mkasome.

Wala asiseme mtu kwamba haiwezekani tena. Mwezi wa Januari 2025, mjini Cape Town, ulizinduliwa mnara wa Waafrika wa Afrika Kusini waliokufa katika vita ile wakihudumu bila bunduki. Una majina 1,772, kila jina katika nguzo yake. Yalipatikana vipi? Kuna mtu alikwenda masijala.

TUFANYE NINI

Ndugu zangu, sitaki makala hii iishie katika kusifu. Mkutano wetu huu utakuwa na chakula, hotuba na mpira kati ya wazee na wanafunzi, ambao tutafungwa kama kawaida. Naomba tuongeze jambo moja dogo lisilo na gharama. Napendekeza Kamati inunue daftari kubwa lenye jalada gumu, liwekwe maktaba, na kila mwanafunzi wa zamani atakayefika aandike humo majina anayoyakumbuka: wenzetu waliofariki, na mahali walipozikwa, wapishi waliotulisha, walinzi, dereva aliyetupeleka hospitali usiku, matroni. Majina kamili, si "yule mama wa jikoni". Na tusipokubaliana kuhusu R na L, tuandike yote mawili.

Wanafunzi mliopo mnaweza kufanya zaidi yetu. Wakati wa likizo waulizeni babu na bibi: katika ukoo wetu, nani alichukuliwa kwenda vitani, mwaka gani, alirudi au hakurudi, aliitwa nani? Waliobeba mizigo ya 1914 mpaka 1918 hawapo tena, lakini wapo wajukuu wao waliosikia. Andikeni, mlete kwa mwalimu wenu wa Historia. Si kila jibu litakuwa sahihi. Ndiyo kazi ya historia, kupambanua.

Na ninyi mtakaokaa mezani kama mimi, katika ofisi za Serikali au kwingineko, mjue kuwa kumtoa mwenzako vitani ni kazi ya mikono miwili. Mkono wa kwanza ni wa Johnson na Roberts, na ulimalizika kwa saa moja ya usiku. Wa pili ni wa karani, nao ulichukua miaka 97 kwa sababu wengi kabla yake walisema njoo wiki ijayo. Si kila mmoja wetu atapata nafasi ya kuwa Johnson, nami namshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu sidhani ningeinuka. Lakini nafasi ya kuwa yule karani wa masijala tunaipata kila Jumatatu asubuhi.

Mwalimu wetu wa Historia alikwisha tangulia mbele ya haki. Jina lake nitaliandika mimi mwenyewe, ukurasa wa kwanza wa daftari.